Urefu wa Besi

Krona elfu kumi na nne, maelewano yapo.
Ndivyo lilivyosema tangazo kwenye ubao wa duka la vyakula,
kati ya paka aliyepotea na kuni za birchi.
Volvo, stesheni-wagoni, kijani kilichochoka,
umri miaka ishirini na saba:
limeizidi ndoa yetu kwa miaka kumi na mmoja.

Eskil hataki. Eskil ana daftari.
Ameandika: mkanda wa injini, haijulikani ulibadilishwa lini.
Ameandika: kutu.
Ameandika, na kupigia mstari: ukaguzi ni Mei.
"Rahisi ni ghali," ananiambia
kana kwamba maneno hayo ameyatunga yeye, leo, kwa ajili yangu.

Nami nina hesabu yangu.
Tyra ana miaka kumi na mitatu, na katika ala zote za dunia
akachagua besi, lile fidla jitu linalopigwa kwa kusimama.
Kila Jumanne tunavuka Skellefteå kwa kigari chetu,
shingo ya besi nje ya dirisha kama mbwa apendaye upepo,
digrii kumi na nne chini ya sifuri,
sote wanne tumevaa kofia.
Ndiyo, wanne. Besi nalo Tyra amelifumia yake.

Gunvor alitupokea na ufunguo mkononi
na kabla hatujauliza akaanza kuungama:
joto hutoka upande wa abiria tu,
kioo cha nyuma kushoto hushuka, hakipandi,
redio imenasa kwenye stesheni ya Wafini,
"na sasa Kifini nakijua kidogo, hasa cha hali ya hewa."
Utamwombaje punguzo mtu wa namna hiyo?
Tulikuja tumejihami dhidi ya mbuzi kwenye gunia;
yeye akafungua gunia, akamtoa mbuzi,
akatuonyesha mguu anaochechemea.

Eskil akatoa sumaku ya jokofu letu,
ile yenye umbo la stroberi,
akaipitisha kwenye bati polepole kama daktari.
Inanata. Inanata. Inanata.
Juu ya gurudumu la nyuma, po, ikadondoka thelujini.
Pale si chuma. Pale ni lipu, rangi na matumaini.
Sote watatu tukaitazama stroberi
kana kwamba yenyewe ndiyo iliyokosa.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda, walisema waliosema.
Hawakutuachia neno juu ya kidonda kikuukuu
kilichopona upande upande
na bado kinatembea.

Nilitaka kuondoka, nakiri.
Niliwaza gari jipya la mkopo,
miezi themanini na minne ya kukatwa mshahara.
Niliwaza kuazima. Niliwaza kumshawishi Tyra apige filimbi.
(Filimbi nilishaijaribu. Alinitazama kama nimemtukana.)

Besi lenyewe lilikuwa shuleni, hatukulileta.
Mita moja na sentimita themanini na tatu,
ambao ndio urefu wa Eskil.
Gunvor akalaza viti, akakung'uta blanketi la nywele za mbwa,
na mume wangu, mtu wa daftari,
akavua buti, akaingia kwa nyuma, kichwa kwanza,
akalala chali.
Akanyamaza.

"Funga mlango," akasema.
Nikaufunga. Haukugonga. Ulitulia tu,
kama mfuniko wa sanduku la nguo za msimu mwingine.
Kupitia kioo nilimwona, mikono kifuani,
kidole gumba kikidunda kwenye kifungo cha koti,
dum, dum,
mapigo manne, kisha pumziko.

"Vipi, anaenea?" akauliza Gunvor.
Anaenea, nikasema, na nafasi ya upinde inabaki.

Akainama, akaokota stroberi,
akaifuta theluji kwa glavu.
"Kumi na mbili na nusu. Kwa ajili ya hii."

Nikagonga kioo mara mbili.
Eskil, macho yamefumbwa, akainua kidole:
ngoja kwanza.